Sebule ya Mabanzi

Mwezi uliopita nilikwenda Sumbawanga mjini kumnunulia mwanangu kitanda, na fundi akanikaribisha niketi juu ya rundo la mbao wakati yeye anamalizia kupiga msasa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Unajua mbao ya paina inavyonuka ikilowa, harufu yake inakupanda puani mpaka inashuka kooni. Nilikaa pale kama mteja mwingine yeyote, mkoba mapajani, mara nikashindwa kuongea. Fundi akadhani bei imenishtua, akaanza kuishusha mwenyewe. Sikumkatalia, maana mimi si mjinga, lakini haikuwa bei.

Ilikuwa sebule yetu. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, kwa sababu siku hizi nikianza habari hii nyumbani kwangu watoto wanaongeza sauti ya televisheni.

Nilikuwa darasa la nne na mdogo wangu hajaanza shule tulipohamia Mollo kwa Bibi, mama yake Mama. Neno kuhamia nalitumia kwa heshima tu. Baba alikuwa karani mjini, akaugua, akafa, na matanga yalipoanuliwa ndugu zake wakapanda kutoka Kaoze, kule bondeni, na lori. Wakabeba kabati la vyombo, makochi, meza, kitanda kikubwa, redio na pasi ya mkaa. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, alisimama mlangoni akiwaelekeza vijana namna ya kulipitisha kabati bila kuvunja vioo. Enzi hizo vitu vya mwanamume vilikuwa vitu vya ukoo wake, na mjane aliyelalamika alionekana hana adabu. Mama hakulalamika. Alikuwa ameshaanza kukohoa.

Mdogo wangu alishika mguu wa kochi akaburutwa nalo mpaka kizingitini, ndipo mtu mmoja alipomwinua na kumweka pembeni. Hakulia. Aliuliza tu watu wale wanapeleka wapi vitu vyetu na vitarudi lini. Sisi tukaondoka na mabegi mawili ya nguo na sufuria.

Kwa Bibi kulikuwa na baridi ambayo mjini sikuwahi kuijua, ingawa si mbali. Upepo wa Ufipa mwezi wa sita hauna adabu, unapita chini ya mlango na kukutafuta mpaka ndani ya blanketi. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi, mzito na mweusi, halafu mimi nikaenda kisimani kabla ya shule. Jioni ilikuwa kupukuchua mahindi jikoni, macho yanatoka machozi kwa moshi, Bibi anaongea Kifipa na sisi tunamjibu kwa Kiswahili, na kutoka chumba cha pili kikohozi cha Mama. Majirani walisema ni kifua. Wengine walisema kitu kingine na kushusha sauti tulipopita, kama vile watoto hawana masikio.

Baada ya kupukuchua yalibaki magunzi, na kila mtoto wa kike pale kijijini alikuwa na gunzi lake alilolifunga kitambaa na kulibeba mgongoni. Mdogo wangu alikuwa na magunzi manne: baba, mama, na watoto wawili. Alipoyapanga sakafuni yakawa yanaanguka. Akaja kwangu akasema hawana pa kukaa. Nikachukua mabua, nikayaunga kwa vijiti, nikamtengenezea kiti. Tulikuwa tumekaa karibu na kitanda cha Mama, maana Bibi alitutaka tumwangalie, na Mama aliyekuwa amelala akiangalia ukutani akageuka.

"Hicho ni kiti cha kilabuni," alisema. "Kochi letu lilikuwa na mikono mipana. Baba yenu alikuwa anaweka kikombe cha chai pale."

Mama alikuwa binti wa seremala. Babu alikufa kabla sijazaliwa, ila Mama alikulia kwenye maranda, na mambo ya mbao aliyajua kuliko kupika, Bibi mwenyewe alimtania hivyo. Siku ile aliniagiza niende kwa jirani, fundi aliyekuwa na karakana ya mabati upande wa pili wa njia, nikaombe mabanzi. Yale magamba ya nje ya gogo, unayajua, ambayo watu huyatumia kuwashia moto. Jirani alinipa pamoja na vipande vya mbao safi, akaniambia nimsalimie mgonjwa.

Basi tukaanza. Kisu cha jikoni, msumari mmoja mrefu niliougonga juu ya jiwe mpaka ukawa patasi, na kigae cha chupa cha kukwangulia. Mama hakutaka misumari kwenye kazi. Alinifundisha kuchonga ncha ya kipande iwe nyembamba, kutoboa tundu kwenye mguu, kisha kuingiza ncha ile tunduni kwa kugonga taratibu mpaka ikaze. Nikikosea aliniambia nirudie. Hakuwa mpole katika hilo. Nilijikata vidole mpaka mwalimu akauliza kama nyumbani ninalelewa na paka.

Lakini nilianza kuelewa kwamba Mama hakuwa anatengeneza vitu vya magunzi. Alikuwa anairudisha ile nyumba. Meza lazima iwe na kipande kilichomeguka kwenye pembe, kwa sababu ile ya mjini ilimeguka siku mdogo wangu alipoiangusha. Kabati lazima liwe na milango miwili na mmoja usifunge vizuri. Mahali pa vioo tuliweka nailoni ya mfuko wa chumvi. Alifumba macho akataja kilichokuwa kila mahali, kalenda ya parokia ukutani, stuli ya redio, zulia lililoungua kwa pasi, na sisi tunafuata. Nilipomuuliza kwa nini lazima iwe vilevile, alisema, "Mdogo wako bado hana akili ya kukumbuka. Nataka akumbuke."

Kwa makochi tulishona mito ya vitambaa vya kitenge chake kilichochakaa, tukashindilia maranda. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anashindilia. Alikuwa na vidole vidogo na uvumilivu wa mtu mzima. Kila kitu kilipokamilika alikipeleka dirishani, akakipanga juu ya tofali, akakaa kukiangalia. Kisha akauliza swali lake la kila siku.

"Mama, vikiisha vyote tunarudi mjini?"

"Bado kitanda," Mama alimjibu. "Nyumba haina kitanda."

Kitanda hakutaka tukiguse. Tulifanya stuli ya pili isiyokuwepo, tukafanya rafu ya vitabu, na sisi hatukuwahi kuwa na vitabu vya kujaza rafu. Kila nikishika kipande kinachofaa kwa kitanda, Mama alisema mbao hiyo mbichi, itapinda, tungoje. Nilidhani anajali ubora wa kazi. Ilinichukua miaka mingi, na mimi mwenyewe kuwa mama, kujua kwamba alikuwa anaogopa siku mdogo wangu atakaposema nyumba imekwisha, tufunge mabegi.

Wakati wa kuvuna ulezi Mama hakuweza tena kuketi. Bibi alimnywesha uji kwa kijiko, na sauti yake ikawa ya kusikilizwa kwa kuinama. Tuliacha kutengeneza. Sebule yetu ilibaki juu ya matofali ikipata vumbi, na magunzi manne yamekaa kwenye makochi yao yakitazama meza.

Mdogo wangu hakungoja. Niliporudi shuleni siku moja nilimkuta amekaa chini ya kitanda cha Mama na kisu cha jikoni, mikono ina damu kidogo, na kitanda kimekwisha. Miguu haikulingana na alikuwa amefunga kamba pale ambapo mimi nilikuwa natoboa matundu, lakini kilikuwa kitanda, kikubwa, chenye ubao wa kichwani kama kile cha mjini. Alikipandisha kifuani kwa Mama ili akione. Mama alikishika muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye ubao wa kichwani, akasema kimetengenezwa vizuri kuliko vyote, na machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni. Mdogo wangu akayafuta kwa mkono uleule wenye damu, akasema, "Sasa pona, tuondoke."

Mama alikufa kabla ulezi haujakauka uani. Alfajiri Bibi alituita tumuage, na niliposhika mkono wake ulikuwa umeshapoa. Jirani alitengeneza jeneza bila kudai chochote. Vipande vilivyobaki alivikusanya ukutani, na kwa mara ya kwanza mimi na mdogo wangu tulipita mbele ya mabaki ya mbao bila kuyaokota.

Mchana watu wa Kaoze wakapanda. Walikuja na pikapu, wanawake nyuma wamefunga khanga kichwani. Shangazi alishuka akilia, na alilia kweli, siwezi kumsingizia. Alitukumbatia mimi na mdogo wangu pamoja, akasema, "Wanangu, poleni wanangu." Alinuka jua la bondeni na samaki. Nilihisi mdogo wangu amekakamaa mikononi mwake kama kipande cha mti. Alikuwa anaangalia pikapu.

Uani kulikuwa na moto wa matanga, gogo kubwa la mkaratusi, na wanaume wamelizunguka wameficha mikono ndani ya makoti. Sikumwona mdogo wangu alipoingia ndani. Nilimwona alipotoka, amekunja kigauni chake kikawa kikapu, na ndani ya kikapu kile sebule yetu yote. Alijipenyeza kati ya magoti ya wazee mpaka akafika motoni. Alitupa kochi la kwanza. Kisha la pili, kisha kabati, na nailoni ya vioo ikajikunja na kutoa moshi mweusi. Maranda yaliyokuwa kwenye mito yalishika haraka sana. Mzee mmoja alicheka akisema mtoto anatusaidia kuni. Nilipofika alikuwa ameshika kitanda alichokitengeneza mwenyewe, na hicho nacho akakitia.

Shangazi alimvuta nyuma asiungue. "Mwanangu, kwa nini unachoma vitu vyako vizuri hivyo?"

"Ili msibebe," mdogo wangu alimjibu.

Wale wa Kaoze waliangalia chini, na mmoja wa wanaume akasimama akaenda kukojoa ingawa nadhani hakuwa na mkojo. Bibi alisikia kutoka mlangoni na hakumkemea mtoto, jambo ambalo lilinishangaza, maana Bibi alikuwa anakemea hata kuku. Mdogo wangu alikaa chini kando ya moto kusubiri viishe kabisa. Uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu lori lile la mjini, na mimi nikaketi karibu yake nikijisemea kwamba huyu mtoto amewaweza.

Siku ya kuanua tanga wazee wa pande zote mbili waliketi ndani. Nguo za Mama ziligawanywa kwa wanawake, vitenge vichache, sweta, viatu vya kanisani. Hakukuwa na kingine. Kisha nikamsikia kaka yake Baba akisema watoto ni damu ya ukoo wao, na kwamba Bibi ni mzee, hawezi kulea wawili. Bibi alijibu kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, maneno mengi. Wakabishana kwa heshima, kama watu wanavyobishana penye msiba. Mwisho ikaamuliwa kwamba mimi nibaki nimchotee Bibi maji, na mdogo aende na Shangazi.

Mimi nilielewa pale pale. Mdogo wangu hakuelewa. Alisimama uani akiwaangalia wakipanga magunia kwenye pikapu, akahesabu kwa macho kila kitu kinachopandishwa, na alipoona si chetu akaridhika. Alipoinuliwa na kuketishwa kati ya wanawake wale alinitafuta mimi. Hakulia.

"Dada," aliniita, "si nimechoma vyote? Sasa wanabeba nini?"

Pikapu ikawashwa. Bibi alinishika bega kwa nguvu mpaka likaniuma.

Nyumba ya Bibi ilianguka baada ya yeye kufa, karakana ya jirani sasa ni duka la vocha, na kisima kimefukiwa. Hayo nayavumilia. Mdogo wangu yupo, ameolewa kule kule bondeni, ana watoto na shamba la mpunga, na Shangazi alimlea vizuri, hilo nalisema mbele ya yeyote. Tulikutana tena sisi wawili tukiwa wanawake wazima. Nilimsimulia kila kitu, mikono mipana ya makochi, pembe ya meza, mlango wa kabati usiofunga, kitanda chake. Alinisikiliza kwa adabu, amekunja mikono, akanimiminia chai mara mbili.

"Pole sana, dada," aliniambia nilipomaliza. "Mimi hayo siyakumbuki. Mama ninayemkumbuka mimi ni Shangazi."