Baba Mkwe na Mkutano wa Walimu

Mkutano wa walimu wa darasa la kwanza tuliuanzisha watatu, bila malipo na bila kuamriwa na mtu. Kila likizo walimu wa Tukuyu mjini tulikutana katika darasa moja, tukafundishana namna ya kuwasomesha watoto wanaoingia shule na Kinyakyusa kitupu. Somo la kusoma lilikuwa langu. Nalisema bila aibu: ndilo lililowaleta watu.

Miaka ile ya Ujamaa kila jambo jema lilitakiwa liwafikie wa vijijini. Mwenyekiti wetu, mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, akaleta mpango: mwaka ujao tuzialike shule za Lufingo, Ikuti na Kinyala. Alishapanga wageni watalala kwa nani, nani apike ndizi, nani alete maharage. Mimi nilisikia Lufingo tu. Mwalimu wa darasa la kwanza kule alikuwa baba mkwe wangu.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wala haketi naye chini ya paa moja. Nikimwona kwa mbali njiani, naingia migombani mpaka apite. Wengine walishaanza kulegeza mila hiyo. Yeye hakulegeza, na mume wangu alishanionya kwamba siku nitakayomvunjia baba yake heshima, nifungashe virago.

"Mbona mwenzetu umenuna?" mwenyekiti akauliza. "Au hutaki wa vijijini nao wapate?"

Nilitamani kumrushia chaki. Nikamweleza kwa kifupi. Akacheka, akasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Mwenzetu wa tatu, Mnyakyusa kama mimi, hakucheka.

"Basi dada apumzike," akasema kwa upole. "Somo lake atalichukua mwingine."

Upole ule uliniuma kuliko kicheko. Mkutano ukipanuka, mimi natoka. Ukibaki mdogo, watoto wa Lufingo wanaendelea kukariri wasichokielewa. Nikanyoosha mkono kuukubali mpango, lakini somo langu nikakataa kulitoa. Nitafundishaje mbele ya mzee, nilikuwa sijui.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wageni walijaa hadi madirishani, na baba mkwe alikuwamo. Nilisimama barazani, mlango nimeupa mgongo. Mwenyekiti akaliita somo langu. Akaliita tena.

Kisha nikasikia benchi likisukumwa na mtu akitoka kwa mlango wa pili. Walimu wakanipisha, nikaingia nimejifunika kanga mpaka usoni. Mzee alikuwa amesimama nje ya dirisha, mvuani, ameligeuzia darasa mgongo. Nikaanza kufundisha.

Nilipomaliza, sauti ikatoka dirishani.

"Muulizeni mwalimu. Mtoto akitamka vizuri neno ambalo maana yake haijui, amesoma au hajasoma?"

Nikajibu kirefu, macho ubaoni, kama tulivyofundishwa chuoni.

"Mwambieni hajajibu."

Walimu wakainamisha vichwa kwa kunionea haya. Mimi nilifurahi. Tangu niolewe, mzee yule hakuwahi kuniletea neno, hata kwa kupitia mtu. Nikafuta ubao, nikajibu upya.