Kikuba Kilicholegea Uzi

Kikuba kilichowekwa juu ya mto wangu jioni hii kimeshaanza kupukutika. Nakinusa, kishada kidogo cha asumini na rehani, na papo hapo niko kidato cha pili, nimevaa sare, nakatiza vichochoro vya Mji wa Kale, kikuba kama hiki kikinilowesha mfuko wa sketi.

Kwetu kikuba huvaliwa na mwanamke aliyeolewa. Hukipachika kifuani kwa ajili ya mumewe. Mvulana wa darasani kwetu aliyenipa kile hakulijua hilo. Au alilijua sana. Rafiki zangu walinifunza niseme nimekiokota, maana binti wa jirani alitolewa shule kwa jambo dogo kuliko hilo.

Mama alisikia harufu kabla sijavua viatu.

"Nani kakupa?"

"Kijana wa darasani kwetu, mama. Nampenda."

Nilisema nikimtazama usoni. Sikuona haja ya kuficha kitu ambacho harufu yake ilikwisha kujaza nyumba.

Mama alinyoosha mkono, nikampa kile kikuba, na maua mawili yakamwangukia mapajani.

"Kakifunga nani?"

"Yeye mwenyewe."

Hapo alicheka mpaka akafuta machozi. Akakifumua, akakifunga upya, akakipachika kifuani mwake.

"Hiki si chako bado. Soma kwanza," alisema. "Na umwambie uzi hukazwa, hauzungushwi tu."

Nilimwambia. Mpaka leo hajajifunza.