Ukurasa wa Kumi na Tisa

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, ni fundi makochi. Kwa miaka kumi na minne amekuwa akipiga ngoma katika bendi ya watu wanne, kila Jumamosi mchana, ndani ya karakana yake, katikati ya sponji na makochi yasiyo na miguu. Majirani walikwisha kumzoea, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Bendi hiyo haikuwahi kutoa wimbo hata mmoja. Ilikuwa ikijiandaa. Mwimbaji ni msusi mwenye ulimi mkali, mpiga gitaa ni mwalimu wa hesabu, na wa besi anauza miwani na husema maneno kama sita kwa wiki. Mwaka jana mteja mmoja wa msusi aliyarekodi mazoezi yao kwa simu na kuyasambaza mtandaoni, watu wakaupenda wimbo mmoja, na kampuni ya muziki ikawaita. Basi watu wanne ambao hata nyumbani kwao walikuwa wamechokwa wakageuka kuwa vipaji vinavyochipukia. Aliyechipukia kuliko wote alikuwa shemeji, mwenye umri wa miaka arobaini na minne.

Kampuni ilisema inatafuta damu changa. Shemeji akajaza kwenye fomu kwamba ana miaka thelathini na mitatu, akapaka ndevu rangi nyeusi, na akamwonya dada asitaje mbele za watu kwamba mtoto wao wa kwanza anamaliza chuo. Dada alimwambia asiwe na wasiwasi, akiulizwa atasema alimzaa peke yake.

Mkataba ulikuwa na kurasa thelathini na mbili. Kwa kuwa wote ni watu wenye shughuli zao, waligawana: kila mmoja kurasa nane, asome zake, kisha atoe taarifa. Siku ya taarifa nilikuwepo. Niliuliza kama isingekuwa vyema mtu mmoja ausome wote, nikajibiwa kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya watu wasioaminiana.

Msusi, mwenye kurasa nane za mwanzo, alikuwa amezisoma kama anayetafuta chawa. Alieleza kwa nusu saa nzima huku wenzake wakinywa soda. Wa besi alisema, "Sawa." Mwalimu alikuwa amevihesabu vifungu akakuta vinafuatana vizuri. Shemeji, aliyepewa kuanzia ukurasa wa kumi na saba, alitamka kwa sauti ya jaji kwamba upande wake hauna tatizo lolote.

Baadaye aliniambia ukweli. Alizipitia kurasa zake zote akitafuta neno moja tu: umri. Alipoona hakuna anayedai cheti cha kuzaliwa, moyo ukatulia, akatia sahihi chini ya kila ukurasa, na wa kumi na tisa ukiwemo. Ukurasa huo ulieleza kwa lugha nyoofu kabisa kwamba kampuni inaweza kutumia mashine badala ya mpiga ngoma katika wimbo wowote itakaoutoa.

Siku ya kurekodi alitangulia saa nzima, ngoma zake zikiwa kwenye mkokoteni wa kupelekea makochi. Msimamizi wa wimbo, kijana wa miaka ishirini na sita, alimpokea kwa heshima zote na kumkalisha.

"Mzee wangu, wewe pumzika tu," alimwambia. "Ngoma tulishazimaliza jana."

Neno "mzee" lilimchoma kwanza. La ngoma lilimfikia baadaye kidogo. Akauliza nani kazipiga. Kijana akamwonyesha kompyuta. Alipoanza kubisha, akaonyeshwa sahihi yake mwenyewe, nzuri, yenye mkia.

Alirudi na mkokoteni wake hadi nyumbani. Nilimkuta karakanani, amekalia kochi la mteja, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nilimwambia angalau jina lake litakuwepo kwenye wimbo.

"Shemeji, makochi yangu watu wanayakalia, basi," alisema. "Nilitaka kitu changu kimoja kisikike."

Aliyemwokoa ni msusi, ambaye alikuja kesho yake akiwa na kurasa zake nane mkononi. Ukurasa wa saba ulisema wimbo hautatoka mpaka kuwe na video yenye sura za wanabendi wote wanne. "Nilieleza nusu saa, nyie mnabeua soda," alimwambia. "Sasa kaa hapa ushone makochi yako. Video waipige na kompyuta."

Shemeji akakaa. Kwa siku tisa aligeuka kuwa mtu muhimu kuliko alivyowahi kuwa akipiga ngoma. Mwalimu alikuja kumthibitishia kwamba yeye ni robo tu ya bendi. Wa besi alikuja, akakaa saa nzima, akaaga. Kampuni ilimwahidi kumweka mbele kwenye picha, kisha ikamwahidi ngoma mpya za kupigia kwenye video, zilizojazwa sponji ndani ili zisitoe sauti. Alijibu kwamba sponji anazo za kutosha.

Siku ya kumi kijana alikuja mwenyewe, safari hii bila "mzee".

"Braza, zile nne za kuanzia," alisema. "Unagonga vijiti, tok, tok, tok, tok, halafu mashine inaingia. Hizo ni zako. Zaidi ya hapo sina."

Shemeji aliomba muda wa kufikiri. Siku iliyofuata akaenda, akazirekodi zile nne mara thelathini na nane, mpaka fundi mitambo akaomba ruhusa ya kwenda kula.

Wimbo ulitoka Ijumaa. Adhuhuri dada aliwaalika ndugu wa pande zote mbili, akawapanga sebuleni, akaunganisha simu na spika na kuwataka wanyamaze. Vijiti vikagonga, tok, tok, tok, tok. Mashine ilipoingia tu, akazima. Akarudisha mwanzo. Ikawa hivyo mara tano, mpaka mama mkwe wake akauliza kama wimbo wenyewe hauna maneno.

"Yapo, mama," dada alisema. "Lakini wa mume wangu unaishia hapo. Huo mwingine ni wa watu."

Shemeji, aliyesimama mlangoni na shati lile lile alilopigia video, akamwomba aurudie mara moja tu, kwa sababu anahisi ile ya tatu imechelewa kidogo.