Uzi wa Sweta ya Mwanangu

(Msomaji huyu ameomba tusimtaje jina, nasi tumelificha. Msomeni kwa upole.)

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini, Mkristo, nakaa huku Kisauni na mume wangu anayefanya kazi bandarini. Sina mtoto. Nilikuwa naye mmoja, akafa kwa homa kabla hajatembea, na tangu hapo Mungu hajanipa mwingine. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani nagombania uzi tu.

Rafiki yangu nitamwita Mama Eliza. Amenizidi umri sana, kwa hiyo namwita dada, naye huniita mdogo wangu. Kilichotukutanisha ni kufuma. Tulifundishwa misheni, yeye zamani, mimi juzi juzi, na watu hutucheka kwamba nani atavaa sufu kwenye joto hili. Hatukujali. Jioni tulikaa barazani kwake na sindano zetu, yeye akinitania kuwa nakaza vitanzi kama mtu anayefunga mbuzi, mimi nikimjibu kuwa vyake vimelegea hata samaki angepita. Nilimpenda sana. Nampenda bado, na hapo ndipo shida ilipo.

Vita vilipoanza huko Ulaya, sufu ikatoweka madukani. Ukitaka kufuma kitu kipya sharti ufumue cha zamani, uoshe uzi, uunyooshe, uanze upya. Wafumaji wote tunafanya hivyo. Lakini sandukuni mwangu mlikuwa na sweta moja ambayo nisingeifumua kwa lolote, ya mwanangu. Niliitia rangi mwenyewe kwa manjano, na rangi haikushika sawasawa, mahali imekolea, mahali imepauka. Kila nilipozidiwa na majonzi niliitoa nikainusa. Siku za karibuni niliogopa harufu yake isije ikaisha, nikawa nalikumbatia sanduku bila kulifungua.

Mwezi uliopita Eliza, bintiye rafiki yangu huyu, ambaye ameolewa Taita, akajifungua. Mama Eliza akaniomba nimsindikize akamwone mjukuu wake wa kwanza. Tukapata lori linaloleta mboga mjini kutoka Taita na kurudi tupu. Tulikaa nyuma juu ya magunia, katikati ya matenga, na tulipoipita Mazeras vumbi lilikuwa limetuingia mpaka kwenye kope. Tulikula muhogo wa kuchemsha tukicheka kama wasichana. Sijacheka hivyo tangu nizike.

Mbele ya Maji ya Chumvi injini ikachemka, dereva akaenda kutafuta maji. Mama Eliza akatoa mkobani sweta ndogo iliyobakia mkono mmoja. "Ngoja niimalize kabla hatujafika," akasema.

Nikautazama uzi. Ulikuwa umejikunjakunja kama uzi wowote uliofumuliwa, na hilo halikunishtua. Kilichonishtua ni rangi.

"Dada, uzi huu umeutoa wapi?"

Hakuinua macho. "Kwa mumeo. Aliniletea sweta mwenyewe, akaniambia, ichukue, inamuua mke wangu. Nami kwetu mtoto havalishwi nguo ya marehemu, ndiyo nikaifumua. Sasa si nguo tena, mdogo wangu. Ni uzi. Nilidhani ukiuona umevaliwa na kiumbe hai, moyo wako utapoa."

"Ungeniuliza kwanza."

"Ungekataa."

Kweli, ningekataa. Aliponishika mkono niliuondoa, nikahamia upande wa pili wa magunia. Nililia mpaka Voi nikijifunika leso usoni, na aliposimamisha lori dereva akadhani ni vumbi.

Kule milimani kulikuwa na baridi ya kweli, ukungu umeshuka hadi mlangoni. Mama Eliza alimaliza ule mkono tukiwa njiani, na tulipofika akamvalisha mtoto. Eliza hakujua lolote. Akaniambia, "Shikamoo, mama mdogo," akanipakatisha mwanawe. Nilikuwa bado na hasira, na papo hapo joto la yule mtoto likaniingia kifuani. Nikainama nikainusa sweta. Ilinukia sabuni, basi. Kisha Eliza akasema amenichagua niwe mama wa ubatizo wa mwanawe, nami mbele ya wakwe zake nikashindwa kukataa.

Niliporudi nilimkabili mume wangu. Si mtu wa maneno mengi. Akasema, "Ulikuwa huli, hulali, unakumbatia sanduku. Nilishafiwa na mtoto. Niliogopa kufiwa na mke." Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, nikageuka nikaenda jikoni. Tangu siku hiyo tunapishana ndani ya nyumba kama wapangaji.

Juzi Mama Eliza alikuja, akapiga hodi, na nilipomkaribisha hakuingia. Alisimama mlangoni, yule aliyezoea kuingia moja kwa moja hadi jikoni kwangu. Akaniambia, "Sema neno, mdogo wangu. Ukitaka, nitamvua mtoto, nitafumua tena, nikurudishie uzi wako wote. Eliza nitamweleza mwenyewe." Nikamwambia anipe muda. Akaitikia, "Haya," akaenda zake polepole, na sikumsindikiza.

Wiki ijayo mtoto ataletwa huku Kisauni abatizwe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kwa hiyo nawauliza hasa nyinyi mliozika. Nikiudai uzi wangu, nitapewa donge la sufu lisilo na mikono wala shingo, na mtoto wa watu atarudi milimani akitetemeka. Nikinyamaza, nitasimama kanisani nimembeba akiwa amevaa sweta ile, niulizwe mbele ya Mungu kama nitampenda, na mimi najua nitakuwa namtafuta mwanangu ndani yake. Mama Eliza anangoja neno langu. Nishaurini, nimjibu nini?