Kufuli la Kila Mtu

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kompyuta lilikuwa kudhani kwamba mimi si mtu. Sisemi hivyo kwa mzaha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi katika kiwanda cha masweta ya shule mjini Thika, na nilisoma neno moja kwenye skrini nikaamini kwamba linawahusu wote isipokuwa mimi.

Hakuna aliyenifundisha kazi hiyo. Niliajiriwa kuwa karani wa stoo kwa sababu nilijua kupiga taipu, kisha kompyuta zote zikaachwa mikononi mwangu. Mengine nilijifunza kutoka kwenye kitabu nilichoazimwa na mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa amepanga chumba mtaa wa Kahawa Sukari. Kurasa kadhaa zilikuwa zimenyofoka. Nyumbani kwetu Gitothua nilikisoma nikiwa na kamusi na rula, nikipiga mstari chini ya kila kitu nisichokielewa, mpaka mistari ikawa mingi kuliko maneno yaliyobaki bila mstari. Sikumwambia mtu. Kazini nilitembea na kalamu tatu mfukoni, na nilipoulizwa jambo nilitikisa kichwa polepole kama daktari.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni kiwanda kilipoleta seva mpya, yaani ile kompyuta moja inayotunza faili za ofisi nzima, ikiwa na mfumo mpya. Kwenye ule wa zamani, kwa kadiri nilivyoutumia, nilijua kufunga folda nzima tu. Huu mpya uliniwezesha kuweka kufuli kwenye faili moja moja: huyu asome tu, huyu abadilishe, yule asikaribie kabisa. Nilifurahi, kisha nikachanganyikiwa. Kulikuwa na orodha mbili za ruhusa, moja ya folda inayoonekana na ofisi nyingine na moja ya faili yenyewe, na kitabu kilisema zinafanya kazi pamoja. Pamoja vipi? Zikigombana, nani anashinda? Nilisoma ukurasa huo mara nyingi hata nikaukariri, na bado sikuuelewa.

Aliyenitegemea zaidi alikuwa mama wa rangi. Ndivyo kila mmoja alivyomwita: mama wa Kiislamu wa mtaa wa Kamenu, mzaliwa wa Thika, aliyechanganya rangi za nyuzi kabla hazijapelekwa Ruiru, zilikokuwa mashine za kufuma. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, naye hakuniruhusu kulisahau hilo. Vipimo vyake vyote alikuwa ameviandika kwenye daftari. Unga wa rangi ulipobadilika ikabidi apime upya, na ni mimi niliyemshawishi kwamba vipimo vipya vikae kwenye seva peke yake. Nilimwambia nakala mbili zikitofautiana hatutajua ipi ni ya kweli. Alikaa kando yangu, akaingia kwa jina lake la mashine, akanisomea tarakimu moja moja nami nikaandika. Karatasi zilizochapishwa kwa ajili ya kukagua nilizikusanya zote nikazichana. Nilipenda mambo yawe nadhifu.

Kisha mtu wa ofisi ya mauzo akafungua faili ya kijani akitafuta kitu kingine, akagusa tarakimu moja, akahifadhi. Kijani kikatoka kama bluu. Meneja hakutaka kusikia habari za mashine. Alimwambia mama wa rangi mbele yetu, "Mama, hii ni ya kwanza. Ya pili unaenda kufungasha." Kufungasha ilikuwa kutia masweta kwenye mifuko ya nailoni, kazi ya mtu aliyeingia jana. Yeye alikuwa kwenye mitungi ya rangi tangu nilipokuwa shule ya msingi.

Ilimchukua mama wa rangi siku mbili kupima upya mpaka akaipata tarakimu ile; nikairudisha mahali pake, nikamwahidi nitaweka kufuli.

Jumamosi nikaliweka. Mama wa rangi nikampa ruhusa zote. Kisha kulikuwa na kundi ambalo kwa Kiingereza cha mashine liliitwa Everyone, nami kichwani nikalisoma Kila Mtu. Nikalinyima kila kitu. Kwangu maana ilikuwa wazi. Shuleni mwalimu alipopiga kelele, "Kila mtu atoke nje!" yeye mwenyewe alibaki darasani. Mama yangu aliposema kila mtu akalale, aliendelea kuosha sufuria. Anayesema kila mtu hajihesabu. Nikaingia kwa jina la karani wa mauzo nikajaribu kufungua faili: nikakataliwa. Nikatabasamu nikaenda nyumbani. Nilijaribu kufuli, sikujaribu ufunguo.

Jumatatu asubuhi mama wa rangi alipanda ngazi akiwa na aproni yake yenye madoa ya rangi zote.

"Kijana, nitolee kijani. Maji yako motoni."

Nikafungua faili. Mashine ikanikatalia. Nikajaribu tena, taratibu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa adabu.

"Imesemaje?"

"Inafikiria."

"Inafikiria nini? Kijani kinajulikana."

Nikamwomba aingie kwa jina lake mwenyewe. Akakataliwa pia, yeye niliyempa ruhusa zote. Nikaizima seva nikaiwasha, nikingoja huku kurasa za kitabu zinanata kwenye vidole vyangu kwa jasho. Ikakataa tena. Sikuelewa hata nilichokuwa sielewi. Kama yeye ana ruhusa zote, na mimi ndiye mkuu wa mfumo, ni nani aliyebaki wa kukatazwa?

Meneja akaingia. "Hiyo langi inaanza lini? Watu wa Ruiru wanangoja uzi saa sita." Alisema langi badala ya rangi, sisi wa kwetu tunasema hivyo, na mimi nikiwa na hofu nasema vivyo hivyo.

"Sasa hivi," nikajibu. "Ni kitu kirogo."

Mama wa rangi akanitazama meneja alipotoka. "Kirogo," akasema. "Haya, niambie ukweli. Hiki kitu kirogo ni kikubwa kiasi gani?"

Nikamwambia. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote pale kwamba sijui. Nilimwambia kwamba sijasomea, kwamba kitabu si changu, kwamba kufuli nililoweka ili asipelekwe kufungasha ndilo linaloweza kumpeleka. Hakunifariji. Alivuta kiti.

"Umemfungia nani?"

"Kila mtu."

"Na mimi?"

"Wewe nimekupa ruhusa."

"Mimi si mtu?"

"Wewe ni mtu, mama, lakini..."

"Na wewe? Ukiwa mkuu ndiyo umekuwa jini?"

Alicheka peke yake. Mimi nilirudi kwenye ule ukurasa niliokuwa nimeukariri, na kwa mara ya kwanza ukaniambia kitu. Anayenyimwa mahali popote amenyimwa, hata akiwa na ruhusa mahali pengine. Kila Mtu lilikuwa kundi, na sisi wawili tulikuwa ndani yake pamoja na karani wa mauzo.

Kuelewa hakukufungua kitu. Nilipotaka kuondoa kufuli mashine iliniambia sina ruhusa hata ya kulitazama. Kitabu kilitoa njia mbili. Ya kwanza, mkuu wa mfumo anaweza kujitwalia umiliki wa faili, na ingechukua dakika moja. Lakini chini yake kulikuwa na onyo: akishautwaa, hawezi kumrudishia mwenyewe. Ya pili, mwenye faili hata akifungiwa nje anabaki na haki ya kubadilisha kufuli.

Faili iliandikwa kwa jina la mama wa rangi. Nakiri kwamba nilipeleka kidole kwenye njia ya kwanza, kwa sababu ingeniwezesha kurekebisha kosa langu kimyakimya. Ila ningefanya hivyo, kuanzia siku hiyo vipimo vyake vingesomeka kuwa mali ya ofisi, na nilijua meneja angefurahi kuambiwa hivyo.

"Mama," nikasema, "kaa hapa. Ni wewe unayeweza."

"Sijui kutumia hiki kipanya chenu."

"Nitakuonyesha."

Alikaa. Alificha vidole kwa ncha ya leso alipoandika neno lake la siri. Mshale ulimkimbia mara nne, akautukana. Simu ya mezani ikalia, nikajua ni meneja, nikaiacha ilie. Nikamwonyesha orodha, akaisoma herufi kwa herufi, akafika kwenye lile kundi.

"Huyu?"

"Huyo."

Akalifuta, likabaki jina lake peke yake. Faili ikafunguka, tarakimu zake zikajipanga. Alizisoma zote kwa sauti ili ahakikishe hakuna iliyoguswa, kisha akazinakili kwenye mgongo wa mkono wake kwa kalamu yangu moja, akateremka ngazi bila kuniaga.

Uzi ulitoka ukiwa umechelewa. Meneja aliubeba mpaka dirishani, akauweka kando ya kipande cha mfano, akaugeuza, akaugeuza tena. "Ni yenyewe," akasema, akaita lori. Mama wa rangi alibaki kwenye mitungi yake. Mimi nilimfuata meneja ofisini nikamwambia kuchelewa kulikuwa kwangu na nikamweleza sababu. Alinisikiliza akiwa amekunja uso, halafu akaniuliza kama nahitaji kusomeshwa. Sikuwa nimejua kwamba hilo linaweza kuulizwa.

Bado nina wasiwasi, na bado naamka nikikumbuka kitu ambacho huenda sikukihifadhi. Kilichobadilika ni kwamba nikiwa sijui, nasema sijui, na nasema mapema.