Mwenye Kiti

Kiti kilichukuliwa Wegesa akiwa mtoni. Angekuwepo nyumbani kisingetoka, na kila mtu kijijini alilijua hilo, ndiyo maana walingoja achukue ndoo yake ashike njia.

Aliporudi alimkuta jirani yake Teresia amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nikodemo mgambo alikuja," Teresia akasema. "Kasema kiti kinatakiwa ofisini kwa Mwenyekiti. Nikamwambia mngoje mwenyewe. Kasema yeye ametumwa tu."

Wegesa akatua ndoo. Alichungulia ndani, akaona pale pembeni kiti kilipokuwa pamebaki alama nne za miguu yake kwenye udongo.

Huyu Wegesa alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu. Mwaka mmoja nyuma, mwaka wa sabini na nne, lori la serikali lilifika kilimani kwao, watu wakaambiwa wapande, wahamie kijiji kipya huku chini karibu na shule. Nyumba yake ikaezuliwa nyasi huku akiangalia. Vilivyopanda lori ni vyungu, jembe, mbuzi wawili na ngozi ya kulalia. Kitanda alichotengenezewa na marehemu mumewe, Simoni, na viti vyao viwili, aliambiwa aviache hapo, gari litarudi. Gari halikurudi. Alipopanda mwenyewe kwa miguu siku ya tatu hakukuta hata mguu wa kitanda.

Basi akawa anakaa chini kwenye ngozi. Kukaa si kazi, kazi ni kuinuka. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Ili asimame ilimbidi ageuke, ashike ardhi kwa mikono yote miwili, anyanyue makalio kwanza kama mtoto anayetambaa, na wajukuu wa watu wanamtazama. Mwanamke aliyekuwa akibeba gunia la mtama bila kusaidiwa. Ikafika mahali akiwa na wageni hakai kabisa, anasimama tu ameegemea nguzo mpaka waondoke, miguu imevimba. Kuliko watu wamwone anatambaa, heri asimame.

Mwezi wa sita nyumba ya mwalimu ikaanza kukarabatiwa. Mwalimu Projestus alikuwa ametoka Bukoba na mkewe Honoratha, wakapewa nyumba ya zamani yenye paa la nyasi lililojaa mchwa. Serikali ikaleta mabati na mbao. Fundi Nikolaus, aliyejifunza ufundi upande wa Kenya, akabomoa paa lote, akaweka kenchi mpya, akang'oa na mlango wa zamani uliokuwa umepakwa rangi ya kijani. Vipande vikawa vinarundikana nje: ncha za papi za kupigilia mabati, mbao za urefu wa mkono, misumari iliyopinda kama funza. Honoratha alikuwa anavipikia.

Wegesa alipita hapo akasimama. Akaokota kipande cha papi, akakinusa, akakipima kwa shubiri.

"Mwalimu," akasema, "hivi mnachoma?"

"Ni mabaki, mama. Fundi havihitaji tena."

"Nikichukua?"

"Chukua. Na huo mlango pia uchukue, umeoza chini."

"Sema tena mbele ya mkeo."

Mwalimu akacheka. "Honoratha, nimempa mama mabaki yote."

"Nimesikia," Honoratha akasema. "Sasa mimi nitapikia nini?"

"Nitakuletea kuni," Wegesa akasema, na kesho yake alileta mzigo mkubwa kuliko lile rundo lenyewe, kwa sababu hakupenda mtu aje kumwambia amepewa bure.

Ufundi hakuufundishwa na mtu. Simoni alikuwa mpasua mbao wa misheni, na msumeno wa kupasulia unataka watu wawili, mmoja juu ya gogo, mmoja chini shimoni. Aliyekuwa shimoni miaka kumi na moja, unga wa mbao ukimwingia machoni, alikuwa Wegesa. Kwa hiyo alijua mbao inapasukia wapi na inakataa wapi. Misumari aliinyoosha juu ya jiwe, mmoja mmoja. Miguu minne aliikata kwenye papi, ya nyuma akaiacha mirefu ili izae egemeo. Mlango akaukata sehemu iliyooza, ile nzima ikawa kalio, rangi yake ya kijani bado ipo. Misumari haikutosha, na kwenye maungio hakuiamini hata hivyo. Alichukua ngozi mbichi, akaikata kanda nyembamba, akailoweka usiku kucha, akafunga kila ungio akivuta kwa meno. Ngozi ikikauka juani inajikaza yenyewe, inashika kuliko msumari. Siku ya nne ukikipiga teke kile kiti, kinacholia ni kidole chako.

Maneno hayakukosekana. Kwa Wakurya wa umri wake kiti cha miguu ni cha mzee wa kiume, mwanamke anakaa kwenye ngozi na miguu ameinyoosha. Ryoba, mdogo wake Simoni, alikuja akakizunguka kiti mara mbili.

"Shemeji, sasa ukikaa humo tukuitaje? Tukuite mzee?"

"Niite shemeji, kama zamani."

"Na kwenye kikao cha wazee utakuja?"

"Nikija mtanyamaza nini? Mnajadili ng'ombe mlioibiwa na watu mnaowajua."

Ryoba akacheka mpaka akakaa chini. Wegesa akakaa juu. Akainuka. Akakaa tena, akainuka tena, wima, bila kushika ardhi, akaangalia kama Ryoba ameona. Ryoba alikuwa ameona, akaacha kucheka.

Hicho ndicho kiti kilichochukuliwa.

Asubuhi yake Wegesa alikwenda ofisini. Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye meza na benchi la shule, na nyuma ya meza, juu ya kalio la kijani, alikuwa amekaa Nashoni, mwenyekiti wa kijiji, kijana wa miaka thelathini na tano ambaye Wegesa aliwahi kumwogesha alipougua surua.

"Shikamoo mama," Nashoni akasema.

"Unaniamkia umekaa?"

Nashoni akainuka nusu, akakaa tena.

"Kiti changu," Wegesa akasema.

"Mama, hebu tuelewane. Jumamosi tunapata mgeni kutoka wilayani Tarime. Tutamkalisha kwenye benchi? Ni aibu kwa kijiji."

"Kijiji kitengeneze kiti chake."

"Ndiyo hiki. Zile mbao zilikuja kwa nyumba ya mwalimu, nyumba ya mwalimu ni ya serikali, na mabaki yake ni ya serikali, yaani ya wananchi wote. Wewe ulizitumia bila kibali. Sisi hatukukushtaki, tumekichukua tu."

"Na ngozi? Serikali ilichinja ng'ombe?"

"Mama, huu ni ujamaa."

"Ujamaa naujua, nimepandishwa lori kwa sababu yake. Shamba la pamoja nalima, siku zangu hazipungui. Niambie, ujamaa ni mtu kungoja mwenzake aende mtoni?"

Nashoni akaangalia karatasi zake. "Kama una malalamiko, leta barua. Ofisi haifanyi kazi kwa maneno ya mdomo."

Alilisema akijua. Wegesa alikuwa anakwenda kisomo cha watu wazima chini ya mti wa shule tangu mwaka jana, na kila mtu alijua bado yuko kwenye kitabu cha kwanza.

Kutoka hapo alipitia kwa mwalimu. Mwalimu Projestus alimsikiliza amesimama mlangoni, akakuna shingo.

"Mama, ni kweli nilikupa. Lakini mimi hapa ni mgeni. Nashoni akiandika neno baya juu yangu, nahamishwa kesho."

"Sijakuomba upigane naye," Wegesa akasema. "Nipe karatasi."

Barua ilimchukua siku mbili. Aliandika kwa penseli, herufi kubwa kama mayai, akifuta kwa mate. Kila neno alilisema kwa sauti kwanza, akalivuta, akalisikiliza, ndipo akaliandika kama lilivyosikika. Hakumwonyesha mtu, kwa sababu hii ilikuwa barua, haikuwa zoezi. Akaipeleka ofisini, akampa Rubeni, katibu wa kijiji, mkononi.

Jumamosi watu walijaa uwanja wa shule. Mgeni kutoka wilayani alikuwa bwana mnene mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikalishwa kwenye kiti cha Wegesa, Nashoni akakaa benchi pembeni yake. Wanawake walikaa chini kwenye nyasi. Wegesa alisimama. Teresia alimvuta kanga akae, akakataa.

Baada ya salamu na nyimbo, Rubeni akasimama kusoma barua zilizoingia. Rubeni alikuwa mtu wa kufuata taratibu, barua ikiingia lazima isomwe. Ya kwanza ilihusu pamba. Ya pili akaifungua, akakohoa, akasoma kama alivyoiona.

"Kwa Nashoni. Kutoka kwa mwenye kiti. Mimi mwenye kiti nimekasirika. Nataka kiti. Nashoni usikalie. Mabaki nilipewa na Mwalimu. Ni mimi mwenye kiti Wegesa."

Mgeni akageuka taratibu kumtazama Nashoni.

"Ndugu, kijiji hiki kina wenyeviti wawili?"

"Hapana, ndugu. Ni mmoja, mimi."

"Mbona hapa kuna mwenyekiti mwingine anakuamuru usikalie kiti? Kuna uchaguzi mwingine mmefanya ambao wilaya haina habari nao?"

Hapo mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, na kicheko kikaenda mstari hadi mstari. Mgeni hakucheka. Jambo la wenyeviti wawili lilikuwa limewahi kumsumbua kwenye kijiji kingine, na watu walipigana.

"Wegesa ni nani?"

"Ni mimi," Wegesa akasema, akasogea mbele. Hakuelewa watu wanacheka nini, na kicheko kilimuudhi. "Huyu mlimchagua, ni mwenyekiti, simkatazi. Lakini mwenye kiti ni mimi. Nimekitengeneza kwa mikono hii. Ndicho hicho umekalia wewe."

Mgeni akajitazama chini. Akainua paja moja, akaona rangi ya kijani.

"Hiki?"

"Hicho. Alimtuma mgambo akichukue nikiwa mtoni."

"Ni mali ya umma, ndugu," Nashoni akadakia. "Mbao ni za nyumba ya mwalimu."

"Mwalimu yupo?"

Mwalimu Projestus alisimama. Alikuwa ametoka jasho kwenye mdomo wa juu. Akamtazama Nashoni, akamtazama Wegesa aliyesimama peke yake katikati ya watu waliokaa, miguu imemvimba juu ya viatu vya matairi.

"Nilimpa mimi," akasema. "Yalikuwa mabaki. Kama ni mali ya umma, ndugu, basi mke wangu amepikia mali ya umma ugali wiki mbili nzima, na wengi hapa walipita wakaona, hakuna aliyesema. Yamekuwa mali ya umma yalipogeuka kiti."

Honoratha aliinama akafunika uso kwa kanga. Safari hii mgeni alicheka kidogo. Akafunga kalamu yake.

"Ndugu Mwenyekiti, wewe kiti chako ni cha kuchaguliwa, unacho. Hiki mrudishie mama."

"Atarudishiwa," Nashoni akasema. "Mkutano ukiisha, kwa utaratibu. Tutaandika..."

"Siku ya kukichukua hamkuandika," Wegesa akasema.

Akazunguka meza. Mgeni, bila kuambiwa, akasimama. Nikodemo mgambo akasogea na rungu lake, hajui amzuie au apishe. Alikuwa kijana wa kilimani kwao, mama yake alizalishwa na Wegesa.

"Mura," Wegesa akamwambia, kama vijana wanavyoitwa kwao, kwa sauti ya chini lakini watu wote walisikia, "ulijua njia ya kuja nacho. Ya kurudi huijui?"

Nikodemo akamwangalia Nashoni. Nashoni alikuwa anaangalia nyasi. Basi Nikodemo akaweka rungu chini, akakipandisha kiti kichwani, miguu minne juu, akatembea katikati ya mkutano huku Wegesa akimfuata nyuma kama mtu anayeswaga ndama. Nyuma yao mgeni wa wilaya alikaa kwenye benchi, na mkutano ukaendelea na habari ya pamba.

Nyumbani Nikodemo akakitua. Alitaka kuondoka haraka.

"Mama, nisamehe. Nilitumwa."

"Wewe umesema," Wegesa akasema. "Aliyekutuma hajasema."

Na hakusema. Radhi ya Nashoni haikuja siku ile, wala wiki ile. Watu walimpongeza Wegesa njiani, wakamwita Mwenyekiti kwa utani, akawajibu kwa ukali mpaka wakaacha. Walidhani atafurahi. Kufurahia nini? Mtu akikuvua nguo yako sokoni, halafu akairudisha, unamshukuru?

Ila lililomchoma zaidi aliliona asubuhi iliyofuata mkutano, kiti kikiwa juani. Nyuma ya egemeo, mahali ambapo aliyekaa haoni, mtu alikuwa ameandika kwa lami ya kupakia nguzo. Wegesa akapiga magoti, kitu ambacho hakukifanya mbele ya watu, akaziwekea herufi kidole moja moja, akizitamka. Ma. Li. Ya. Ki. Ji. Ji. Alisoma mara tatu kuhakikisha. Yalikuwa maneno ya kwanza aliyoyasoma nje ya kitabu cha kisomo bila mtu kumsaidia.

Akatafuta kipande cha chupa, akaanza kukwangua. Lami ilikuwa imeingia ndani ya mbao. Alikwangua siku ile na iliyofuata, unga mweusi ukamjaa mapajani, na bado herufi zilionekana kwa mbali kwenye mwanga wa jioni.

Teresia alikuja kuomba moto, akasimama kumtazama.

"Acha sasa. Nani anayaona hayo huko nyuma? Utatoboa mbao."

"Itoboke," Wegesa akasema, akaendelea kukwangua.