Kifungu Nilichokiruka

Baba alipofariki, mama aliamua kuuza nyumba yao ya Mbeya, ahamie kwangu Iringa. Hela ya nyumba ingemjengea vyumba viwili uani kwangu.

Mimi ndiye niliyemtafuta dalali. Alikuwa mtu mzima, mpole, na alikuja na karatasi ya ukurasa mmoja. Malipo yake ni asilimia kumi ya bei, na kwa miezi sita hakuna dalali mwingine wa kuiuza. Macho ya mama hayaoni maandishi madogo, kwa hiyo nilimsomea mimi. Nilikuwa nawahi basi. Nilisoma nusu, nikamwonyesha pa kutia sahihi.

Dalali alileta watu miezi minne. Waligonga kuta, wakachungulia choo, wakaenda zao. Mwezi wa tano wa mkataba, jirani yao wa Mbeya, mwalimu mstaafu, alimkuta mama jikoni. Huyu ndiye aliyekuwa akimgeuza baba kitandani wakati wa ugonjwa wake, mimi nikiwa mbali.

"Dada, nyumba nainunua mimi. Binti yangu hana pa kukaa."

Walielewana bei ya ujirani huku wakimenya viazi.

Dalali aliposikia, alituita ofisi ya serikali ya mtaa.

"Mnunuzi hukumleta wewe," nilimwambia.

"Kweli sikumleta. Lakini soma hapa chini, kaka."

Nilisoma. Hata mwenye nyumba akijipatia mteja mwenyewe, dalali analipwa asilimia zake zote. Sikuwa nimemsomea mama kifungu hicho.

Mwenyekiti wa mtaa alimwomba dalali apunguze. Dalali akasema miezi yote ile ametembea kwa nauli yake, na ana watoto shuleni. Sikuweza kumwita mwongo.

"Nilisaini mwenyewe," mama alisema. "Mpeni chake."

Jirani akataka kuongeza bei ili hela ya dalali ipatikane. Mama alimshika mkono.

"Hapana, mdogo wangu. Mzee wangu ulimwogesha wewe."

Kwa bei ile ya ujirani, na asilimia za dalali zikitoka, hela iliyobaki ilitosha chumba kimoja. Siku fundi alipopaua, nilimwomba mama msamaha. Alisema yamekwisha, akaniagiza nimletee maji. Nadhani yalikwisha kwake, siyo kwangu. Jumapili baada ya ibada jirani humpigia simu, wanaongea Kinyakyusa mpaka salio linakwisha, na mimi hutoka nje kidogo.